Picha ya Kufia

Wameniomba wasifu. Binti wa ofisini alinipigia simu kwa sauti ya asali, akasema ni sentensi chache tu, dada Saumu, usuli wako wa kitaaluma na mambo unayopenda kuyatafiti, tuyasome kabla hujasimama kumzungumzia Profesa. Profesa anastaafu, na sote aliotusimamia tumekusanywa tule, tunywe na tumsifu. Nikaandika. Nikasema nilisoma hisabati na kompyuta Dar es Salaam, nikaja Johannesburg kwa shahada ya uzamili, na kwamba nimebobea katika kubana data, yaani kuifanya mizigo mikubwa ya kompyuta iwe midogo ili isafiri upesi. Ati ndiyo mambo ninayoyapenda. Hakuna binadamu aliyezaliwa na mama yake akapenda kubana data. Kazi hiyo nimeifanya miaka yote hii, naifanya vizuri na inanilisha, lakini kuipenda, hapana. Niliishika kama mtu anavyoshika tawi baada ya kusukumwa. Nilichokipenda ni nyuso za watu, nilikipenda mwaka mmoja tu, na aliyenitoa huko ni huyohuyo niliyetakiwa kumwombea maisha marefu nikiwa na glasi mkononi.

Nilikwenda. Mie si mtu wa kukataa mwaliko halafu nikakaa nyumbani kusema watu. Nikiwa na la kusema nalisemea palepale. Ukumbi ulinukia mazulia mapya na nyama ya kuchoma, na Profesa alikuwa amenenepa, ana mashavu mekundu, anakumbatia kila anayepita. Akanikumbatia na mimi. "Saumu, msichana wangu mkaidi," akasema kwa Kiingereza chake, na waliokuwa karibu wakacheka kwa mapenzi. Nikatabasamu kwa meno ya mbele. Pembeni yake alisimama Mutua, Mkenya tuliyekuwa naye maabara moja, wakati ule akisomea shahada ya uzamivu na sasa bwana mkubwa Midrand, kwenye kampuni ileile nitakayoisema. Aliniona sura, akainama sikioni kwangu. "Saumu, hiyo story si iliisha kitambo?" Mpaka aliponiuliza nilikuwa nadhani imekwisha. Damu ikanipanda mpaka masikioni. Basi habari za baba yangu na mama yangu na shule nilizosoma nitaziacha, hazina kesi na mtu. Kesi ni ya mwaka ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na ushei, nimepanga mtaa wa Berea, hapahapa Johannesburg, katika moja ya yale magorofa ya zamani yaliyojengwa kwa ajili ya watu wengine kabisa, wenye piano na mbwa. Lifti ilikufa zamani, wapangaji wakaigeuza jalala. Flati yetu ilikatwakatwa kwa mbao nyembamba na mapazia mpaka veranda ikawa chumba cha mtu, na mie nilikuwa na nusu ya chumba. Nusu ya pili, ng'ambo ya pazia, alikaa Furaha, mwanamke wa Bukavu, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, msusi katika saluni ya chini mtaani. Pazia halizuii kitu. Nilimsikia akisali, akikohoa, akigombana na simu isiyo na salio. Tulianza vibaya. Yeye aliona Kiswahili changu ni cha maringo, mie nikaona chake ni cha kijeshi. "Unaongea kama redio," aliniambia siku ya kwanza. "Kila saa ni taarifa ya habari." Nikamjibu kwamba walau redio inaeleweka. Tukanuniana wiki nzima. Halafu Jumapili akapika sombe, yaani kisamvu, pamoja na wale dagaa wa ziwa la kwao wanaowaita sambaza, akasukuma sahani chini ya pazia bila neno, na mie nikala bila neno, nikaosha sahani, nikairudisha na maandazi. Tangu hapo akawa dada yangu, na kugombana tukagombana kama ndugu.

Furaha alikuwa na mdogo wake, Bahati. Kazi yake ilikuwa kulinda magari yanayoegeshwa mbele ya maduka kule Rosettenville. Asubuhi moja alikunywa chai, akavaa kizibao chake cha kung'aa, akatoka, hakurudi. Nilipohamia pale ilikuwa imepita miezi mingi. Polisi walipoandika habari zake walikosea jina, kisha wakamgeukia Furaha wakataka kuona makaratasi yake yeye, akaondoka kabla hawajamaliza sentensi. Basi kila Jumatatu, siku ambayo saluni haifunguliwi, alikwenda mochwari ya serikali. Mji huu una maiti wengi wasio na jina. Unapanga foleni, unaeleza umtafutaye ana urefu gani na kovu wapi, unaonyeshwa picha za nyuso kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, au unaambiwa umeme hakuna, urudi. Akirudi alivua viatu mlangoni na kukaa kitandani kwake, nami nilimsikia akipumua. "Wamenionyesha batu," alikuwa akisema. "Yeye hakuna." Jumatatu moja akaongeza jambo ambalo alikuwa hajawahi kulisema. "Sura inabadilika, Saumu. Mutu akikaa kwa ile baridi anakuwa mutu mwingine. Pengine nilimuona, nikamupita."

Watu huniuliza katika mikutano ni makala gani iliyonivutia katika fani hii, nami huwatajia makala. Uongo mtupu. Ni sentensi ile. Nililala nikifikiri kwamba jicho la dada mtu limechoka na limejaa machozi, lakini kompyuta haichoki na haimlilii mtu. Ukiifundisha vizuri, inaweza kuchukua uso wa mtu akiwa hai na uso uliobadilishwa na kifo, ikasema hawa wawili huenda ni mmoja, waangalieni tena. Asubuhi nilipanda kwa Profesa nikamweleza. Alisimama, akazungukazunguka, akasema kwamba katika miaka yake yote hajaletewa wazo safi kama hilo na mwanafunzi wa uzamili. Akaahidi kwamba yeye mwenyewe atawaomba mochwari watufungulie picha zao. Serikali haikumjua Saumu, ilimjua yeye, kwa hiyo bila jina lake hakuna mlango. Nilitoka mle ofisini miguu haigusi chini, nasema kweli.

Tatizo lilikuwa nyuso za kufundishia. Programu tulizokuwa nazo zilifundishwa kwa nyuso za Wazungu, na kwa sisi weusi zilikisia tu. Moja iliniambia kwamba mie na Mutua ni mtu mmoja, na Mutua ana ndevu. Nyuso za watu wetu ningezipata wapi? Hapo ndipo chama kinapoingia. Waswahili wa Berea, na Mswahili pale ni yeyote anayenunua vitunguu kwa Kiswahili, awe Mtanzania, Mkongo, Mrundi au Mkenya aliyefulia, walikuwa na chama cha mazishi. Kilikutana katika ukumbi wa kanisa Jumapili moja kila mwezi, ingawa nusu ya wanachama ni Waislamu na mwenyekiti ni Hajji mzima. Ukifa, chama kinakurudisha kwenu au kinakuzika kwa heshima. Na kilikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine: kila mwanachama alitoa picha ya kufia. Waliiita hivyohivyo bila haya. Picha ya uso, umetazama mbele, hakuna kofia, hakuna miwani, hakuna kucheka, ili siku ukipotea mwenyekiti aichukue akakutafute kwa maiti.

Watu waliivalia. Wanawake waliulizana saluni, "Umeshapiga ya kufia?" na aliyepiga alikaa siku mbili tatu na wanja wake. Mwenyekiti, Mzee Shomari, mtu wa Tanga kama mie, muuza vifaa vya simu, alizipokea kwa mkono wake na kuzikagua. Akimwona mtu ametabasamu humrudishia. "Kapige nyingine, bibi we. Maiti gani anacheka?" Kulikuwa na watu mle wasiokubali kupigwa picha hata harusini, wasio na karatasi yoyote ya kukaa nchi hii, wanaovuka barabara wakiona gari la polisi limesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani. Hao nao walitoa ya kufia, kwa sababu walimpa Mzee Shomari, na Mzee Shomari ndiye atakayewazika. Bahati hakuwa nayo. Alisema yeye kijana, ya kufia apige ya nini, na Furaha alibaki na moja tu ya kwenye simu, kijana amegeuka nusu, kofia imemfika nyusi.

Nikaenda ukumbini nikaeleza. Mzee Shomari akasimama, akavuta kanzu yake vizuri, akauliza, "Mnampa mtoto wetu picha?" Ukumbi ukajibu, "Tunampa." Ikawa imekwisha, ndivyo mambo yao yalivyokwenda. Akaniambia mbele yao zisitoke mkononi mwangu, nikaapa. Chuo kilitaka sahihi ya kila mmoja, lakini Profesa akasema sahihi ya mwenyekiti inatosha, huo ni utamaduni wao na sisi watafiti tuuheshimu. Alilisema vizuri sana lile neno, utamaduni. Nikamwona muungwana. Nilizitia picha kwenye diski yangu, nikawa nalala nayo chini ya mto, na miezi ile ilikuwa mitamu kuliko yote niliyowahi kusoma. Mochwari walikuwa bado hawajatufungulia, lakini vitabuni nilijifunza kwamba uso unapopoa mashavu huanguka, lakini umbali kati ya pembe za macho haubadiliki, wala sikio. Jioni nilimweleza Furaha haya kupitia pazia, naye alisikiliza kama anayesikiliza mahubiri, mara nyingine akiniuliza, "Na sikio?" Nikamwambia tena habari za sikio.

Halafu baridi ikaingia. Siku moja nilikwenda chumba cha chai cha idara kuchemsha maji, nikakuta mlango umerudishwa na ndani Profesa na Mutua wanazungumza. Sikujificha, nilisimama tu na kikombe changu, kwa maana nilisikia neno Berea. Mutua alikuwa akisema wale wa Midrand wanaulizia nyuso zao zitafika lini. "Waambie mwezi ujao," Profesa akajibu. "Saumu anazisafisha." "Na yeye anajua?" Kijiko kikazunguka kikombeni. "Atafurahi. Kila mtafiti anataka kazi yake itumike." Nikarudi maabara bila maji. Wa Midrand niliwajua kwa sifa. Ilikuwa kampuni ya kamera, zile zilizokuwa zinaanza kuota kwenye nguzo za vitongoji vya matajiri, zinazomtambua apitaye, na shida yao ilikuwa ileile yetu: kamera zao hazikuweza kumtofautisha mweusi na mweusi. Nilijiambia labda nimesikia vibaya. Nilijidanganya hivyo mpaka Jumapili.

Jumapili Mzee Shomari alikuja kula kwetu. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya kanzu, na kabla hajanawa mikono alianza kusimulia jinsi alivyochukuliwa kwa gari mpaka Midrand. Furaha alikuwa anapakua kuku, mie napanga sahani sakafuni. "Wakaniketisha kiti kinachozunguka," akasema. "Wakaleta samaki, mwanangu, samaki hana mwiba hata mmoja. Profesa wako yule Mzungu ananiita Chairman." Nikamuuliza alikwenda kufanya nini. "Kusaini. Nimewasainia zile picha. Watazitumia kwenye kamera za kukamata wezi, na wewe utatajwa." Furaha akasimama na upawa mkononi. Nikasema, "Umewasainia za watu wote?" Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji ni majimaji. "Mwenyekiti akikubali, chama kimekubali. Ndiyo maana ya mwenyekiti."

"Mzee," nikamwambia, "una watu wangapi chamani wasio na makaratasi?"

Akatafuna polepole. "Wale wa kamera si polisi."

"Na polisi wakiwaomba? Na wale wa uhamiaji?"

"Eish, binti. Nimeishi mji huu wewe ukiwa hujavaa kaptula. Usinifundishe." Alinawa mikono, kuku wa watu akiwa nusu sahanini, akachukua kofia yake. Mlangoni akageuka, na uso wake ulikuwa na hofu tayari, japo sauti ilikuwa bado ya mwenyekiti. "Wamesema ni kwa ajili ya usalama," akasema. Tulimsikia akishuka ngazi zile zote akijisemea peke yake. Furaha alirudisha kuku sufuriani, akaniuliza swali moja tu, kama mochwari bado watatufungulia. Nikamwambia nitajua kesho.

Kesho yake nilipanda kwa Profesa bila kubisha hodi. Mutua alikuwamo, amekaa ukingoni mwa meza. Nitamtendea haki Profesa: hakukana. Alinipa hoja, na hoja yenyewe ilikuwa kali. "Kwa sasa kamera zile zikimwona mtu mweusi zinakisia," alisema, "na mtunza bustani asiye na kosa anapigwa na walinzi. Picha zako zitazifundisha kuona sawasawa. Unataka ziendelee kukisia?" Nikamjibu kwamba kwa watu wangu nataka zisiwaone kabisa. Akasema hiyo si sayansi. Nikasema wala samaki asiye na mwiba si sayansi. Akakunja uso, hakujua nimejua habari za chakula cha Midrand. Ndipo Mutua akaingilia kwa Kiswahili, lugha ambayo Profesa hakuielewa, kana kwamba ananifanyia hisani. "Saumu, wacha drama. Hizo sura ziko tu hapo kwa diski, hazifanyi kitu. Hawa watu ndio wanalipa mashine, ndio wanalipa hata kiti umekalia. Wakipata sura, huyu Prof anaenda kuongea na watu wa mochwari wiki hiyohiyo. Wasipopata, hakuna mtu anaenda mahali." Nikamuuliza kama hayo ndiyo maneno ya Profesa. Akamtafsiria, nami namtazama mzee wa watu usoni, na Profesa akaitikia kwa kichwa, polepole, kwa huzuni ya mtu anayepiga mtoto kwa faida yake. "Diski iwe mezani kwangu Ijumaa," akasema. "Vinginevyo tutakutafutia mada nyingine. Kuna nafasi kwenye kubana data."

Nimewahi kuchukia watu, lakini chuki ya siku ile ilikuwa na ladha, nilikuwa naionja kwenye ulimi. Walijua. Walijua kwamba kule ng'ambo ya pazia langu kuna mwanamke anayetaka mlango mmoja tu ufunguliwe, wakauweka mlango huo upande mmoja wa mizani, na upande wa pili wakaweka nyuso za majirani zake wote, halafu wakanipa mie nibebe mizani. Na kwa adabu, tena kwa chai. Ijumaa sikwenda chuo. Nilifua nguo zote nilizokuwa nazo, nikafua na mapazia ya flati nzima. Jumapili, siku ya mkutano, nilichukua kompyuta yangu na ile diski nikaenda ukumbini.

Niliwaambia wazi, nimesimama: picha zenu mlizotoa zikiwa za kufia zinatakiwa kwenye kamera za barabarani, mwenyekiti amesaini bila kujua alichosaini, nami bado ninazo mkononi kama nilivyoapa. Nilidhani watanishukuru. Ukumbi uliwaka. Kijana mmoja wa Kigoma akanyanyuka, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyetuuza?" Mwingine akasema wasomi wote ni kunguru, wanakula macho kwanza. Mzee Shomari alinyanyuka. "Umenivua nguo mbele ya watu, Saumu. Mtu wa nyumbani." Nikasema nguo amevuliwa Midrand, mie namletea shuka. Hakuna aliyecheka. Nikauliza kila mtu anataka picha yake ifanywe nini, mmojammoja, si kwa mdomo wa mwenyekiti, na hilo peke yake liliwachanganya, kwa sababu hapakuwahi kuulizwa mtu mmojammoja jambo lolote mle ndani. Mwishowe mwanamke wa Kizanzibari, mtaratibu, akaja mezani, akataka kuiona yake. Aliitazama kitambo. "Nilipendeza," akasema. "Haya, futa." Wakapanga foleni. Kila mmoja alitaka aione kwa macho yake ikitoweka, wengine wakinihesabia vidole nisije nikabonyeza kingine. Mzee Shomari naye alikuja, ametazama dirishani. "Futa na yangu," akasema, na mpaka anakufa hakuniita binti tena.

Jumatatu nikamwambia Profesa hakuna diski. Hakupiga kelele. Alisema anasikitika kwamba nimechanganya hisia na kazi, na kufika mwisho wa wiki meza yangu ilikuwa imehamishiwa upande wa wabana data. Kwenye hafla juzi, Mutua, glasi ya tatu mkononi, alinieleza kwa upole kabisa kwamba haikusaidia. Kampuni ilinunua nyuso kwingine, hata mwaka haukwisha, na leo kamera zimesimama kwenye kila robot kutoka Berea mpaka Rosettenville. "So unaona," akasema, "ulijiumiza bure." Nilipoitwa kusema, wasifu wangu ukasomwa, watu wakapiga makofi kwa kubana data, nami nikashika kipaza sauti. Nikasema, "Profesa alinipa mpaka Ijumaa, na tangu siku hiyo najua bei yake." Nikakaa. Wakacheka, wakidhani ni utani wa maabara, na yeye akainua glasi. Kama alielewa, hilo ni lake. Sijuti, na anayesubiri nijute atafute kiti akae.

Lakini ile Jumapili sikuimaliza. Foleni ilipokwisha na watu kuanza kutoka bila kuagana nami, Furaha alikuwa bado amekaa safu ya nyuma, mkoba magotini. Alikuja akavuta kiti kando yangu.

"Imebakia ngapi?"

"Yako tu, dada."

"Ile uiache."

Nilikuwa nimechoka na nimetukanwa vya kutosha, nikamjibu kama redio aliyokuwa akinisema. Nikamweleza kwamba haina faida. Profesa hatakwenda tena mochwari, picha za maiti hazitafunguliwa, na yeye hana makaratasi, picha yake ikija ikianguka mikononi mwa watu atakuwa wa kwanza kuchukuliwa. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta.

Akanishika mkono, kwa nguvu, vile vidole vya kusuka vina nguvu. "Wewe hauelewe," akasema. "Mi sikutoa ile picha ya kufia mimi. Bahati hana picha ya muzuri. Nikaketi, nikajitazama kwa kioo, nikaona sisi tuko sura moja, mama yetu alikuwa anatuchanganya. Nikasema, mashine itamutafuta na yangu. Nikafunga nywele kama mwanaume. Angalia."

Nikaangalia. Miezi yote ile nilikuwa nimepima umbali wa macho yale na sikio lile, na sikuwahi kujiuliza kwa nini katika picha ile Furaha, msusi, amebana nywele zote nyuma mpaka fuvu likaonekana.

"Batu yako umewaficha, wasishikwe," akasema. "Ni vizuri, nimekubali. Lakini huyu hakuna mutu anaweza kumushika tena. Umuache."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikiri kwamba mdogo wake amekufa. Nikaondoa kidole. Ndio uso pekee uliobaki katika utafiti wangu wote, na hadi leo sijapata wa kuulinganisha naye.